Kumbukumbu Zikipotea, Hisia Hubaki: Namna ya Kumtunza Mzee Mwenye Dimenshia

Soko la samaki la Magogoni jijini Dar es Salaam, ambalo wengi huliita Feri, huamka mapema kuliko jiji lenyewe. Kungali na giza, mashua na ngalawa hufika ufukoni na samaki wa usiku, na mara sauti za madalali huanza kusikika zikinadi. Mtu aliyeifanya kazi ya udalali mahali hapo kwa miaka thelathini hahitaji kuamshwa. Mwili wake umekwisha kuizoea saa ile, nao humwamsha wenyewe.

Tuseme mtu huyo sasa ametimiza umri wa miaka 78. Kazi aliiacha zamani. Anaishi Kariakoo, katika ghorofa ya nne, pamoja na binti yake na wajukuu. Kila siku, saa kumi alfajiri, huamka, huvaa kofia yake, husimama mlangoni na kudai afunguliwe, kwa kuwa vyombo vimefika naye anachelewa mnada. Binti humwambia, "Baba, kazi uliiacha miaka kumi na tano iliyopita. Rudi ukalale." Mzee hukasirika, kwani anachokiona mbele yake ni mtu anayemzuia kuwatafutia watoto wake riziki. Huuliza, "Mama yenu yuko wapi? Mwiteni aje anifungulie." Binti hujibu kweli tupu, "Mama alikwisha kufariki, baba. Tulimzika Kisutu." Mzee huketi chini na kulia kama mtu aliyeletewa habari za msiba kwa mara ya kwanza.

Baada ya muda mfupi amekwisha kuyasahau maneno yote yaliyosemwa. Hakumbuki kwamba aliuliza, wala hakumbuki alichojibiwa. Hata hivyo, uji hanywi, uso wake umekunjamana, na mjukuu akimkaribia humfukuza. Siku nzima huwa hivyo. Kesho yake, saa kumi alfajiri, mambo huanza upya.

Mzee huyu ni wa mfano tu, lakini nyumba zenye hali kama hii ni nyingi. Binti anampenda baba yake, wala hakusema uongo. Kwa nini basi kila siku ukweli wake humwumiza mzee bila kumfundisha lolote? Jibu limo katika jinsi ubongo unavyohifadhi mambo, na jibu hilo limebadili namna ya kuwatunza wagonjwa wa aina hii katika nchi nyingi.

Dimenshia ni nini?

Dimenshia si jina la ugonjwa mmoja. Ni jina la hali inayotokana na magonjwa mbalimbali ya ubongo, ambapo uwezo wa kukumbuka, kufikiri, kutumia lugha na kufanya shughuli za kila siku hupungua hatua kwa hatua mpaka mtu ashindwe kujitegemea. Kusahau kidogo katika uzee ni jambo la kawaida. Mzee aliyesahau mahali alipoweka ufunguo hana lazima ya kuwa mgonjwa. Lakini mzee anayeushika ufunguo mkononi asijue ni wa kazi gani anapaswa kupelekwa kwa daktari.

Chanzo kikubwa cha dimenshia ni ugonjwa uitwao Alzheimer, ambao husababisha takriban wagonjwa 6 hadi 7 katika kila 10. Jina hilo ni la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika hospitali ya mji wa Frankfurt, alianza kumchunguza mwanamke mmoja wa umri wa miaka 51 aliyekuwa akisahau kupita kiasi na kuwatilia watu shaka. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliupima ubongo wake kwa hadubini. Aliona kwamba umesinyaa, kwamba una madoa ya uchafu kati ya chembe zake, na kwamba ndani ya chembe mna nyuzi zilizosokotana. Leo inajulikana kwamba madoa yale na nyuzi zile ni protini zilizorundikana mahali pasipo pake. Chanzo cha pili kwa ukubwa ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, hasa kutokana na kiharusi na shinikizo la damu.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 walikuwa na dimenshia, na zaidi ya 6 katika kila 10 waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hivyo si kweli kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Nchini Tanzania, watafiti walipita vijijini katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba wazee wapatao 6 katika kila 100 walikuwa na hali hii. Kwa kuwa wengi wa wazee hao hawakupata nafasi ya kusoma shule, isingefaa kuwapima kwa maswali ya kuandika na kuchora. Watafiti walitunga kipimo kinachotumia, pamoja na mambo mengine, njiti za kiberiti, ambazo mzee huombwa azipange kufuata umbo aliloonyeshwa.

Wenyeji wa Hai walipoulizwa maoni yao kuhusu hali hiyo, wako waliosema ni uzee tu, na wako walioihusisha na uchawi au laana. Maelezo yote mawili yana madhara. Anayesema ni uzee tu hampeleki mgonjwa hospitali. Anayesema ni uchawi humtafuta mchawi, na mara nyingine mchawi anayetajwa ni kikongwe mwenyewe.

Tukio husahaulika, hisia hudumu

Ndani ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, usawa wa masikio, mna kiungo kidogo kilichopinda kiitwacho hipokampasi. Wataalamu wa kale walikipa jina hilo kwa kukifananisha na samaki mdogo wa baharini ambaye kichwa chake ni kama cha farasi. Kazi yake yaweza kufananishwa na ya karani wa soko. Kila jambo jipya linalotokea, yeye huliandika daftarini ili liweze kutafutwa baadaye. Ugonjwa wa Alzheimer humshambulia karani huyu mapema. Ndiyo sababu mgonjwa husahau alichoambiwa asubuhi, na hali anakumbuka vizuri mambo ya ujana wake, yaliyoandikwa zamani karani akiwa mzima.

Mbele kidogo ya hipokampasi mna kiungo kingine, chenye umbo la kokwa ya lozi, kiitwacho amigdala. Hiki hushiriki sana katika kuzalisha hisia kama vile hofu, na katika kuupa uzito wa hisia kila tunachokutana nacho. Amigdala nayo hupata madhara katika ugonjwa huu. Hata hivyo, uwezo wa kuona furaha, hofu, aibu na huzuni haukomi kumbukumbu zinapokoma. Hisia zina njia zake.

Dalili ya kwanza ya jambo hili ilielezwa mwaka 1911 na Édouard Claparède, daktari wa Geneva, nchini Uswisi. Alikuwa na mgonjwa wa kike aliyepoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya, hata kila siku ilimlazimu ajitambulishe kwake tena. Siku moja daktari alificha pini kati ya vidole vyake, na walipopeana mkono akamchoma. Muda mfupi baadaye mgonjwa alikuwa amekwisha kulisahau tendo lile. Lakini daktari alipounyosha mkono wake tena, mgonjwa aliuvuta wake nyuma, ingawa hakuweza kusema ni lini wala ni nani aliyemwumiza. Akili haikuwa na habari za tukio, lakini hofu ilikuwa imesalia.

Karibu miaka 100 baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, nchini Marekani, walilipima jambo hili kwa utaratibu zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa watano walioharibika hipokampasi walionyeshwa filamu za kuhuzunisha na za kufurahisha. Muda mfupi baadaye walikumbuka mambo machache sana ya filamu hizo, lakini huzuni na furaha zilizotokana nazo ziliendelea. Mwaka 2014 watafiti wa chuo hicho hicho walitoa matokeo ya wagonjwa 17 wa Alzheimer, waliolinganishwa na watu 17 wenye afya. Hisia za wagonjwa ziliendelea hadi nusu saa baada ya filamu kwisha, ingawa filamu zenyewe walikuwa wamezisahau kwa sehemu kubwa. Tena lilionekana jambo lingine la kushangaza: kadiri mgonjwa alivyoikumbuka filamu kidogo, ndivyo huzuni yake ilivyodumu zaidi.

Mtu mwenye afya akiwa na huzuni hujua imetoka wapi, na kwa hiyo aweza kuihoji na kujituliza. Mgonjwa hubaki na huzuni isiyo na sababu. Hana pa kuishika. Basi huenda akaitafutia sababu ya karibu: nimeibiwa, natengwa, mtu huyu ananichukia. Hapo ndipo yule mzee wa Kariakoo anapoeleweka. Habari za kifo cha mkewe ziliingia zikatoka, lakini majonzi yake yakabaki. Na kwa kuwa kila siku aliambiwa upya, kila siku alifiwa upya.

Kutoka kusahihisha hadi kusikiliza

Wataalamu wenyewe hawakulijua jambo hili tangu mwanzo. Kuanzia mwaka 1958 daktari mmoja wa Marekani, James Folsom, alianzisha njia ya kuwakumbusha wazee uhalisi. Wauguzi waliwaambia wagonjwa mara kwa mara leo ni siku gani, hapa ni wapi, na wewe ni nani. Na mbao za matangazo ziliandikwa tarehe na hali ya hewa. Nia ilikuwa njema, na kwa mgonjwa ambaye hali yake haijawa mbaya kumbusho la upole laweza kumsaidia. Lakini kwa mgonjwa ambaye hali yake imeendelea sana, kumbusho hugeuka kuwa mtihani anaoshindwa kila saa.

Mwaka 1963 Naomi Feil, mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyekulia katika nyumba ya wazee mjini Cleveland, alianza kazi na wazee akifuata njia hiyo ya kuwakumbusha. Aliona haifai. Kila alipomsahihisha mzee, mzee alijifungia zaidi au alizidi kuwa mkali. Pole pole alijenga njia nyingine, ambayo msingi wake ni kuikubali hisia ya mgonjwa kuwa ni ya kweli, hata kama maneno yake hayalingani na hali ilivyo. Mzee akisema anamtafuta mama yake, mtunzaji hamwambii kwamba mama alikufa zamani, wala hamwahidi kwamba mama anakuja. Humwuliza habari za mama huyo. Humpa nafasi ya kumwongelea.

Nchini Uingereza aliyeipanua fikra hii alikuwa Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, mtu ambaye zamani aliwahi kuwa mwalimu nchini Uganda. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1997, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake, alidai kwamba mgonjwa wa dimenshia haangushwi na ugonjwa wa ubongo peke yake. Huangushwa pia na namna anavyotendewa. Alitaja matendo 17 ambayo watunzaji huyafanya, mara nyingi bila nia mbaya, yanayomwondolea mgonjwa hadhi yake: kumfanya mtoto, kumharakisha, kumdhihaki, kumtenga, kumwongelea kana kwamba hayupo, kumhadaa na mengineyo. Halafu akataja mahitaji ya mgonjwa kama ya binadamu yeyote: faraja, uhusiano wa karibu na mtu, kuhesabiwa miongoni mwa wenzake, kuwa na shughuli, na kujua yeye ni nani. Katikati ya hayo yote aliweka upendo.

Neno alilolijenga Kitwood katika Kiingereza lilihitaji kurasa nyingi za maelezo. Kiswahili kinalo neno hilo tayari, nalo ni utu. Kwa maoni yake, utu ni hadhi ambayo mtu hupewa na wenzake katika kuishi nao, wala haupimwi kwa nguvu za akili. Basi mtu akipoteza kumbukumbu hajapoteza utu, ila wenzake wakimnyima.

Uholanzi walikwenda mbali zaidi kwa kulipima jambo hili katika nyumba za wazee 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Wagonjwa ambao hali yao ilikuwa bado ya wastani, waliotunzwa na wauguzi waliofundishwa kufuata hisia, walikuwa na utulivu zaidi wa moyo na walijiona bora kuliko wenzao waliotunzwa kwa njia ya kawaida. Kwa wale waliokuwa wagonjwa sana tofauti haikuonekana.

Mazoezi ya vikundi huko Hai

Tanzania nayo ina mfano wake. Uingereza ilikuwa imekwisha kubuniwa njia ya kuwakusanya wagonjwa katika kikundi kidogo kwa vipindi 14, wakacheza, wakaimba, wakaongea habari za zamani, za vyakula na za mambo ya siku hizi. Katika vipindi hivyo mgonjwa haulizwi maswali yenye jibu moja sahihi. Huulizwa maoni yake, maana katika maoni hakuna kushindwa. Watafiti wa Hai waliirekebisha njia hiyo ili iwafae wazee wasiosoma na wenye macho hafifu. Wazee 34 walishiriki kwa muda wa wiki saba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kufikiri kwao kuliboreka, wasiwasi ulipungua, na hali yao ya maisha ikawa nafuu. Hapakuhitajika dawa wala mashine. Palihitajika chumba, watu waliofundishwa, na wazee wenzao.

Mambo ya kutenda nyumbani

Maarifa haya yote yaweza kuingia katika nyumba ya kawaida ya Kariakoo, kama ifuatavyo.

Kwanza, heshima itangulie. Mazoea ya siku nyingi hudumu kuliko kumbukumbu za matukio. Mzee asiyejua jina la mjukuu wake huenda bado akaitikia "marahaba" bila kusita anapoamkiwa. Shikamoo humrudishia cheo chake kila asubuhi. Jamaa wanaoacha kumwamkia kwa kuwa "hajui tena" humpokonya kitu ambacho ugonjwa ulikuwa haujakichukua.

Pili, itafutwe hisia iliyo nyuma ya maneno. Mzee anayetaka kwenda mnadani huenda anachotaka ni kuwa mtu wa manufaa. Anayemwita marehemu mkewe huenda ni mpweke au ana hofu. Anayesema ameibiwa anaona kwamba kitu chake kimepotea. Na ni kweli kimepotea, ingawa si fedha.

Tatu, mtunzaji asibishane wala asisahihishe pasipo na hatari. Binti wa mfano wetu angeweza kuongea hivi:

"Shikamoo, baba. Umeamka mapema."

"Marahaba. Nachelewa mnada."

"Wewe hukuwa mtu wa kuchelewa, baba. Samaki gani waligombewa zaidi sokoni?"

"Nguru. Na jodari akipatikana."

"Kaa basi unieleze, uji u tayari."

Na akimwuliza mkewe, binti angejibu, "Umemkumbuka mama leo. Alikuwa akikuwekea nini ulipotoka sokoni?" Katika maneno haya hamna uongo hata mmoja. Binti hakusema kwamba mnada unamngoja, wala hakusema kwamba mama yu hai. Amelijibu lile lililoulizwa na moyo.

Nne, mambo ya zamani yatumike. Mzee aliyekuwa kijana katika miaka ya 1960 huenda asijue rais wa leo ni nani, lakini akisikia muziki wa Kilwa Jazz au Western Jazz akaanza kupiga goti kwa kiganja. Picha, kanga ya marehemu, harufu ya samaki wa kukaanga, vyote hivyo ni milango.

Tano, mgonjwa apewe kazi anayoiweza. Kuchambua dagaa, kukunja nguo, kuhesabu ndimu kapuni ni kazi za kweli. Asimamiwe kwa mbali, na akikosea asifanyiwe tena kazi ile mbele ya macho yake.

Sita, mtunzaji auchunge uso wake na sauti yake. Mgonjwa asiyefahamu maneno bado husoma uso. Aongee taratibu, akae usawa wa macho yake, aulize swali moja kwa wakati mmoja, na asubiri jibu.

Kuna neno moja ambalo wagonjwa wengi hulisema, hasa jioni: "Nataka kwenda kwetu." Hulisema hata wakiwa kwao. Kariakoo neno hili lina uzito wa pekee. Katika miongo ya karibuni nyumba nyingi za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele, zimevunjwa na maghorofa yamejengwa juu ya viwanja vile vile. Soko Kuu lililofunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021. Mzee aweza kuwa amelala juu ya kiwanja alichozaliwa, akachungulia dirishani, asione hata kitu kimoja anachokijua. Kumwambia "hapa ndipo kwenu" ni kweli kwa mujibu wa hati ya kiwanja, lakini si kweli kwa mujibu wa macho yake. Ni heri kumwuliza: kwenu kulikuwaje? Nani alikaa barazani? Na ikiwezekana, atoke kidogo, ashikwe mkono, atembee.

Mipaka ya njia hii

Si haki kuisifu njia hii kupita kiasi. Haiponyi. Hakuna hadi leo dawa inayoiponya dimenshia ya Alzheimer. Dawa zilizopo hupunguza dalili kidogo, na zile mpya zilizoidhinishwa Marekani katika miaka ya karibuni huchelewesha tu kasi ya ugonjwa kwa gharama kubwa. Aidha, mapitio ya mwaka 2003 ya majaribio yaliyofanywa juu ya njia ya Feil yaliona kwamba ushahidi uliokuwapo haukutosha kuthibitisha manufaa yake. Kinachojulikana kwa hakika zaidi ni kile kilichopimwa huko Iowa, kwamba hisia huendelea baada ya kumbukumbu kutoweka, na hicho peke yake ni sababu ya kutosha ya kuchunga maneno.

Daktari ni lazima aonwe. Baadhi ya hali zinazofanana na dimenshia hutibika, kwa mfano upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingoni na sonona. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, huenda ana maambukizi, naye apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mgonjwa anayepiga kelele huenda ana jino bovu au tumbo linamwuma, naye hana maneno ya kusema. Dawa kali za kutuliza wagonjwa wa akili zisitolewe kiholela, kwani mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba huongeza vifo miongoni mwa wazee wenye dimenshia.

Usalama nao una nafasi yake. Kuifuata hisia si kumfungulia mlango mtu anayeelekea barabara ya Msimbazi gizani. Karatasi yenye jina na nambari ya simu ya jamaa ishonwe katika mfuko wa nguo yake. Majirani, wenye maduka ya chini na madereva wa bodaboda waambiwe mapema, bila kuona aibu, ili wakimwona wamrudishe kwa upole.

Mwisho, mtunzaji naye ni mtu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeitegemea familia kuwa nguzo ya matunzo, na mara nyingi familia maana yake ni binti mmoja. Binti asiyelala hawezi kuwa na sauti ya upole saa kumi alfajiri. Ndugu wanaotuma fedha wafahamu kwamba zamu ya usiku mmoja kwa wiki yaweza kuwa msaada mkubwa kuliko fedha hizo.

Hitimisho

Yule mzee wa mfano hatapona. Lakini tuseme kwamba siku moja kwa wiki binti yake humpandisha basi la mwendokasi hadi Kivukoni, wakatembea pole pole hadi Magogoni, wakaketi mahali panapoonekana vyombo. Madalali wananadi. Mzee anatikisa kichwa kwa bei asizozielewa. Wakirudi nyumbani adhuhuri, akiulizwa alikuwa wapi, atasema hakutoka. Mtu aweza kudhani safari ile ilikuwa kazi bure. Sayansi inasema sivyo. Safari imesahauliwa, lakini uji utanywewa, na mjukuu akimkaribia ataitwa aketi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti ya kazi za hipokampasi na amigdala. Kwa nini mgonjwa wa Alzheimer husahau ya asubuhi akakumbuka ya ujana wake?

2. Watafiti wa Hai walitumia njiti za kiberiti badala ya kalamu na karatasi. Toa sababu. Kipimo kisichozingatia elimu ya wanaopimwa kingeleta kosa gani katika hesabu ya wagonjwa?

3. Kuna tofauti gani kati ya kumdanganya mgonjwa na kuijibu hisia yake? Tunga mazungumzo mafupi kuonyesha njia zote mbili.

4. Mwulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu au wa jirani habari za mtaa wenu ulivyokuwa zamani. Andika alichokieleza, kisha eleza uso wake na sauti yake vilibadilikaje alipokuwa akieleza.